Dumu la Babu Gidabuday

Kila siku kabla ya shule Ludovika alikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kufagia zizi la ndama, na kuota. Hiyo ya tatu hakuna aliyemtuma, lakini ndiyo aliyoifanya kwa bidii zaidi. Aliweza kuota akiwa amesimama, ndoo kichwani, macho wazi. Mbele yake Mlima Hanang ulikuwa umevaa kofia yake ya wingu. Upande wa pili, Ziwa Balangida lilikuwa limekauka ukingoni na kubaki jeupe, kama vile mtu amemwaga maziwa ya ng'ombe wote wa nchi akasahau kuyafuta. Ndege aina ya heroe walisimama kwenye weupe ule kwa mguu mmoja. Ludovika naye akajaribu kusimama kwa mguu mmoja. Ndoo ikaanguka.

"Mama Ndoto!" Tluway, mwenzake wa darasa la sita, alimcheka kutoka njiani. "Umeamka, au bado haijaisha?"

Ilikuwa mwaka 1976. Ludovika alikaa na mama yake na babu yake, Mzee Gidabuday, katika kijiji kipya cha ujamaa. Nyumba za kijiji zilipangwa zikanyooka kama wanafunzi mstarini, isipokuwa ya Babu, ambayo ilikuwa imegeuka kidogo kutazama zizi. Babu alisema hawezi kupata usingizi bila kuona pembe.

Mwezi wa nane ilikuja Land Rover yenye timu ya watafiti. Pamoja nao alikuwa Nesi Verdiana, mwanamke wa Bukoba aliyekuwa amehamishiwa zahanati ya kijiji. Walitaka kujua kwa nini baadhi ya wazee wanapata shinikizo la damu, yaani presha, na wengine hawapati. Walimfunga kila mzee kitambaa mkononi, wakakijaza upepo na kusoma namba.

Mpaka hapo wazee hawakuwa na neno. Taabu ilianza Nesi Verdiana alipoinua dumu jeupe la plastiki.

"Mkojo wote," alisema. "Tangu jua linapochomoza Jumamosi hadi linapochomoza Jumapili. Kila tone liingie humu."

Wazee wakatazama ardhi, na mmoja akakumbuka ghafla kwamba ana safari.

"Nipe mimi," alisema Babu Gidabuday. "Kama wanataka mkojo, ninao."

Kwa kuwa Babu hushinda malishoni, Nesi alimpa Ludovika kazi ya kubeba dumu. Alimshika bega. "Sikiliza, binti. Tukipoteza hata kikombe kimoja, kipimo kimeharibika. Ikitokea ajali, uniambie tu, tutaanza upya. Umenielewa?"

"Nimeelewa, nesi."

"Na usiote," Tluway aliongeza, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Jumamosi ikafika. Ludovika alimfuata Babu na ng'ombe wake kumi na saba tambarare nzima, akiwa na dumu mkononi. Babu alipoita, alimpelekea dumu, kisha akageuka kutazama mlima mpaka aitwe tena. Kufika saa nane dumu lilikuwa limepita nusu. Wakafika ziwani, mahali ambapo ng'ombe hulambishwa chumvi. Ludovika aliliweka dumu chini, akaketi. Joto lilicheza juu ya weupe, na heroe wakaonekana kama wanaelea hewani bila miguu. Akajiona naye anaelea, mwepesi, na chini yake ng'ombe wote wamekuwa weupe na wanatembea juu ya mawingu bila kutoa sauti...

Sauti ikatoka. Mtamba mwekundu alikuwa amepiga dumu teke. Udongo ulikunywa haraka kuliko Ludovika alivyoweza kuruka, na ndani kikabaki kiasi cha kujaza kiganja.

Angeweza kusema. Lakini alimwona Tluway akilini mwake, amekaa juu ya ua, anatangazia kijiji kizima. Karibu na hapo palipita kijito cha maji baridi kutoka mlimani. Ludovika alilijaza dumu mpaka pale mkojo ulipokuwa umefika. Kile kilichobaki kilitosha kutia rangi. Kwa macho, huwezi kujua.

Baada ya wiki mbili Nesi Verdiana alikuja nyumbani na karatasi ya majibu kutoka hospitali kubwa ya Moshi. Alimpima Babu tena, akasoma namba, akatikisa kichwa.

"Shikamoo tena, mzee, maana nitakalosema ni zito," alisema. "Presha yako iko juu sana. Mia mbili kwa mia moja na kumi. Lakini mkojo wako karibu hauna chumvi, na hapo ndipo tunapochanganyikiwa."

"Chumvi haipo inakuwaje?" aliuliza Justina, mama yake Ludovika.

Nesi alichora maharage mawili mavumbini kwa kijiti. "Hizi ni figo. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Tezi hiyo inatuma homoni. Homoni ni kama yule tarishi wa kijiji: inasafiri katika damu na kupeleka maagizo. Mojawapo inaiambia figo, 'Shika chumvi, usiiachie.' Tarishi huyo akizidisha kelele, chumvi inabaki mwilini, inavuta maji, na damu inasukuma mishipa kwa nguvu. Tunaogopa tezi ya mzee ina ugonjwa. Itabidi aende Moshi. Miezi miwili hivi. Wakiona lazima, watampasua."

Babu alitazama michoro ile kwa muda mrefu. Alikuwa hajawahi kulala hata siku moja mbali na ng'ombe wake.

"Ng'ombe huko Moshi wapo?" aliuliza.

"Hospitalini hapana, mzee."

"Basi." Kisha akainuka, akamkabidhi Ludovika fimbo yake. "Mjukuu wangu, yule mtamba mwekundu anapenda kupiga teke. Usimpige. Ana mawazo mengi, kama wewe."

Fimbo ilikuwa bado na joto la mkono wake. Kuanzia siku hiyo Ludovika hakuota tena. Kila alipotazama mlima aliona tezi. Kila alipotazama ziwa aliona kitanda cha hospitali chenye shuka jeupe, na Babu juu yake anaita majina ya ng'ombe, na hakuna anayeitika.

Alhamisi asubuhi Land Rover ilikuja kumchukua. Babu alipanda kiti cha mbele akiwa na shuka jipya, akashika mlango kwa mikono miwili kana kwamba gari ni fahali. Dereva akawasha injini.

"Ngojeni!" Ludovika alisimama mbele ya gari, fimbo mkononi. "Yale si ya Babu! Dumu lilimwagika. Mimi nilikuwa naota. Nikajaza maji ya kijito."

Nesi Verdiana alimwambia dereva azime injini. Kuku wakasikika wakikwaruza. Tluway alifungua mdomo, akaufunga, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka ule.

Babu alitoa kichwa dirishani. "Unasema hospitali kubwa yote ile imepima mto wetu?"

"Ndiyo, Babu."

"Na wakaukuta hauna chumvi?"

"Ndiyo, Babu." Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Ni kweli," alisema Babu. "Maji yale ni matamu." Akateremka garini haraka kabla mtu hajabadilisha mawazo.

Nesi hakucheka. Alimpa Babu vidonge vya kuanzia, akamwambia Ludovika, "Jumamosi tunarudia. Safari hii utabeba na daftari. Kila kinachoingia mdomoni mwake, uandike."

Jumamosi Ludovika alitazama kama hajawahi kutazama kitu maishani. Aliandika: maziwa, kibuyu kimoja. Ugali. Maziwa tena. Kisha wakafika ziwani, na hapo akaona jambo alilokuwa ameliona tangu utotoni bila kuliona. Babu alichukua chumvi ya ziwa kiganjani, akalamba, ndipo akamlambisha ng'ombe. Akachota nyingine, akalamba, akamlambisha wa pili. Mtu hampi mnyama wake kitu ambacho yeye mwenyewe hajakionja; ndivyo Babu alivyofundishwa na baba yake. Ludovika akaandika: chumvi, mara kumi na saba.

Nesi Verdiana alipolisoma daftari alikaa chini. "Na kila siku hufanya hivi?"

"Kila siku," alisema Babu kwa fahari. "Zamani tulikaa mbali, tulikuja ziwani mara moja kwa mwezi. Sasa kijiji kiko karibu, ng'ombe wangu wamebarikiwa."

Majibu ya dumu la pili yalikuja: mkojo wa Babu ulijaa chumvi. Figo zake zilikuwa zinaitoa kwa bidii kadiri zilivyoweza. Hapakuwa na dalili kwamba tarishi amekosea. Safari ya Moshi ikafutwa, Babu akaendelea na vidonge, na chumvi akaambiwa aiache. Kuhusu kuonja walibishana siku tatu, mpaka Ludovika akapata njia: ndama mdogo aonje kwanza kwa niaba ya Babu. Babu alifikiri, akakubali, kwa kuwa ndama ni mtu wa familia.

Kufika mwezi wa kumi na moja, kitambaa kilisoma mia moja na arobaini na tano kwa tisini. Nesi Verdiana alimwita Ludovika kando.

"Mwili hauna mdomo wa kusema unaumwa wapi," alisema. "Unasema kwa vipimo. Ukidanganya kwenye kipimo, umeufundisha mwili wa babu yako kusema uongo, na sisi tungeutibu ule uongo kwa kisu. Kumwaga si kosa kubwa, binti yangu. Dumu humwagika. Kosa ni kulijaza ukanyamaza. Lakini ulisema wakati gari limeshawashwa, mbele ya watu wote, na hilo ndilo lililomponya. Siku nyingine sema mapema, utuokolee petroli."

"Nitasema, nesi."

"Na kuota je?" Tluway aliuliza kutoka nyuma ya mlango wa zahanati, ambako hakuwa na kazi yoyote.

"Aote tu," alisema Nesi. "Akishaweka dumu mahali pa usalama."

Jioni ile Ludovika alisimama na Babu kwenye zizi. Wingu lilikuwa limekaa sawasawa juu ya Hanang, na ziwa lilikuwa linageuka rangi ya waridi. Ndama mdogo alilamba chumvi ya ziwa kiganjani mwa Babu, akapiga chafya, akaridhika.

"Ni nzuri?" Babu alimuuliza ndama. Kisha akachota chumvi na kuita jina la ng'ombe wa kwanza, naye akaitika.