Kiganja Kwenye Beseni la Vitus

Jua lilikuwa la kuanikia mahindi, nami nilikuwa uani kwa mdogo wangu Vitus, Iringa mjini, nikila ugali wake bila aibu. Usoni natabasamu, moyoni nawaka. Tulikuwa tumetoka Igowole kumzika dada yetu Leokadia, na mumewe, shemeji Edmund, alituharakisha kama tunawahi basi. Mama aliomba kumtazama mwanawe kidogo tu. Edmund akamkatiza: "Mama, inatosha. Fungeni."

Fungeni! Kama duka!

Kabla jeneza halijafungwa, Vitus aliwahi kupiga picha moja kwa kamera yake ya mbao, ile ya filamu ya kipande kimoja kimoja. Mama alikuwa anaisubiri hiyo moja.

Chumba cha giza cha kusafishia filamu Vitus hana. Ana stoo ya mahindi yasiyopukuchuliwa. Aliziba dirisha kwa bati, mlango kwa blanketi, akapanga mabeseni ya dawa sakafuni. Filamu ile haitaki hata chembe ya mwanga. Unapapasa tu.

"Kaka, ukifungua nakuroga."

"Kwa hayo maji ya betri?"

Akajifungia. Mama, mimi na mkewe Esta tukabaki nje.

Punde tukamsikia: "Esta, toa mkono, nalisukasuka beseni mwenyewe."

Esta akanitazama, kisha akamjibu mumewe kupitia mlangoni. "Baba Blessing, mimi niko huku."



Maji yakacheza.

"Kaka." Sauti ilikuwa ndogo. "Kuna mkono humu. Wa baridi."

"Toka!"

"Nikifungua, picha ya Mama inaungua." Akanong'ona. "Kidole cha shahada kimekatika."

Mama akasimama. Leokadia alikatwa kidole hicho na mashine ya kusaga.

Vitus hakutoka hadi picha iliposhika kwenye filamu. Tuliiinua juani. Jeneza lipo. Shada lipo. Penye uso wa dada yetu, palilala kipande cha mgomba.

"Nimelilia mgomba?" Mama aliuliza.

Nikampigia Edmund nimtukane matusi yote ninayoyajua, na ninayajua mengi. Hapatikani. Mpaka leo hapatikani, mwanaharamu yule.

Esta ndiye aliyetazama stooni. Mahindi yote yalikuwa yamepukuchuliwa. Magunzi pembeni, yamepangwa. Punje bado zina joto.

Mama hakupiga kelele. Alitutolesha mahindi yote nje. "Wamemfanya msukule, huko wanamtumikisha. Kwangu hafanyi kazi." Akatandika mkeka kwenye stoo tupu, akaurudishia mlango.

Kila asubuhi tunaukuta mkeka umebonyea katikati, umelowa, unanuka dawa ya picha.