Kinywa cha Generys

Usinibinulie midomo, nakuona. Watu wa siku hizi mkisikia habari za mzuka mnaangaliana kama kuna mtu kajamba kanisani, halafu kwenu mnalala na taa zinawaka. Kama ni kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitaki kelele. Mle ndani nilikuwemo mwenyewe, na fagio mkononi, na sikuwa nimekunywa kitu ila chai.

Nyumba ilikuwa ya Mererid, mtunzi wa vitabu, nami nilimfanyia usafi Jumanne na Ijumaa. Alikuwa anaandika hadithi za mapenzi za zamani zile za mikuki na ngome, wakati mabwana wa Kinormani walipokuja kutunyang'anya mabonde yetu hapa Wales. Alikuwa ameshatoa kumi na viwili, na vyote kumi na viwili ni kitabu kimoja. Bwana wa Kinormani anachoma, anaua, anamteka binti wa Kiwelisi, na kufika katikati ya kitabu binti anampenda kwa kuwa ana mabega mapana.

"Mwanangu," nikamwambia siku moja, "mtu kamchinja baba yako, hayo mabega yake unayatazama saa ngapi?"

"Anti Lowri nawe! Wasomaji ndivyo wanavyotaka."

"Hata kondoo wangu wanataka kuingia kabichini. Nawaruhusu?"

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka sana, Mererid, na sauti yake ilikuwa nzuri. Akiimba kanisani hata vikohozi vilinyamaza.

Kosa langu mimi lilikuwa mdomo. Siku ya mvua, tunakula mkate wa zabibu jikoni, nilimsimulia habari ya Generys kama bibi yangu alivyonisimulia. Hapa kwetu kila mtoto anaijua, lakini Mererid alikulia mjini. Bwana Serlo, Mnormani, aliwafungia kaka watatu wa Generys ndani ya ghala la shayiri akalitia moto. Kisha akamburuta Generys hadi kanisani akamwoa, mikono ya binti ikiwa bado na malengelenge, maana alikuwa ameng'ang'ania komeo la ghala. Wakaishi miaka kumi na moja. Alipika, alizaa, alizika. Hakumwambia mume yule neno. Si ndiyo, si hapana, si maji haya hapa. Serlo alimpiga, akambembeleza, mwisho akamlilia. Alipokuwa anakufa kwa homa alimwomba amtaje jina tu, mara moja. Generys akamtazama mpaka macho ya mume yakatulia. Ardhi walikuwa wamemchukulia, kaka wamemchukulia, mwili wamemchukulia. Kinywa kilibaki chake.

Mererid aliacha kutafuna. "Anti," akasema, "hicho ni kitabu."

Wiki ile ile akaenda kanisani. Generys amelazwa pale chini ya bamba la jiwe, na umbo lake limechorwa juu yake kwa patasi, midomo imebanwa. Mererid akatandika karatasi kubwa juu ya jiwe akaisugua kwa nta nyeusi, kama wafanyavyo watu wa historia, mpaka mwanamke mzima akatokea kwenye karatasi. Hakumwomba mtu ruhusa, wala aliyelala pale hakumwomba. Bibi yangu alitukataza hata kulikanyaga jiwe lile. Mererid akaja kumtundika ukutani, mkabala na meza yake ya kuandikia.

"Nataka aniangalie nikiandika," akasema.

Basi akamwangalia.

Ilianza kwa birika. Jumanne asubuhi niliweka maji jikoni nikaenda kufagia ngazi, na birika letu lilikuwa la filimbi, likichemka lasikika hadi barabarani. Nikafagia, nikafagia. Niliporudi, jikoni mvuke mtupu, maji yanakaribia kukauka, na birika linatetemeka juu ya moto bila kutoa sauti.

Nikasema limezeeka, kama mimi.

Ijumaa kijiko kikanidondoka kwenye sakafu ya mawe, nikakiona kinaruka mara mbili kikalala, bila mlio. Saa ya ukutani, mishale ilizunguka lakini mapigo hayakuwapo. Mot, mbwa wa Mererid, akasimama dirishani akimbwekea mtu wa posta, taya linakwenda, mate yanaruka, sauti hakuna. Kisha akageuka akanitazama, kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani, akaenda kujificha chini ya kabati.

Na harufu. Paa la nyasi lililoungua, sufu mbichi iliyoungua, na chini yake harufu ya tatu ambayo mtu aliyewahi kuzima moto wa nyumba yenye watu ndani haiulizii mara mbili.

"Mererid," nikamnong'oneza, "husikii?"

"Nisikie nini?"

"Ndiyo nakuuliza. Husikii kwamba husikii?"

Hakuwa na habari. Macho yalimng'aa, nywele hazijachanwa, kitabu kilikuwa kinamiminika. "Kaa, nikusomee," akasema. Akasoma. Generys wa kitabuni alikuwa amesimama juu ya ngome, ghala bado linatoa moshi, akamwambia Serlo: *Mpenzi wangu, nakuchukia kwa sababu nakupenda.* Akaendelea hivyo ukurasa mzima, mwanamke yule anaongea kama kasuku. Na kila neno alilosemeshwa, nilisikia nyumba ikipungua. Mvua juu ya vigae ikanyamaza na huku inanyesha. Moto ukanyamaza. Nikapiga kiganja juu ya meza, na kiganja changu hakikulia.

Nikamkamata mkono. "Acha! Unamtilia maneno mdomoni, naye kwa kila neno anachukua sauti humu ndani. Futa."

"Anti, ni hadithi tu."

"Hadithi nilikupa mimi! Nilikupa mwanamke mzima, wewe unamrudisha kavishwa gauni na upumbavu!"

Akanikasirikia. Akafungua kinywa anijibu, midomo ikaenda, ulimi ukaenda, mshipa wa shingo ukasimama, na hakikutoka kitu.

Daktari alimchungulia koo akasema ni zima. Siku tisa Mererid hakutoa sauti hata ya kukohoa. Siku ya kumi akaniandikia kwenye karatasi, mwandiko wa mtoto: *Nisaidie.*

Nikamwita Ithel wa Zizi la Juu. Ithel ni mfuga kondoo, lakini ukoo wao ndio unaofunga na kufungua mizuka tangu zamani, na mchungaji wa kanisa humsalimia kwa kutazama pembeni. Akaja na buti zenye matope, chumvi mfukoni, na tawi la ule mti wa matunda mekundu unaopandwa malangoni. Akamketisha Mererid mbele ya ile karatasi.

"Mwenye haki humu ndani," akasema kwa sauti ya chini, "sema unataka nini."

Pepo wengine ukiwauliza hivyo watadai pombe, watadai nguo, watatukana mama yako. Huyu hakudai. Ilikuwa saa nane ya mchana, mwanga mweupe dirishani, na kimya kikaanza kujaa kutoka kwenye ile karatasi kama maji baridi yanavyopanda kisimani, kikazima pumzi zetu, kikazima tumbo langu lililokuwa linanguruma kwa njaa, kikaingia masikioni mpaka damu yangu mwenyewe sikuisikia ikipita, nikajishika kifua nijue kama bado nipo, na nilipoinua macho niliona nta nyeusi ya midomo ile inazidi kubanwa, inabanwa, mpaka karatasi ikakunjamana pale kinywani kama ngozi ya mtu anayejizuia kulia mbele ya adui.

Ithel alitutoa nje akitushika viwiko. Uani sauti zikarudi, akapiga chafya, akashukuru kuisikia.

"Amejibu," akanong'ona. "Hilo ndilo jibu lake. Huyu mtoto ameandika nini, dada Lowri?"

Nikampa kurasa. Akasoma tatu, uso ukamwiva. "Angekuwa dada yangu," akamwambia Mererid, "ningekuvunjia madirisha. Toa kila neno ulilomsemesha. Kila moja. Na usimtie jingine maisha yako yote. Umenielewa? Akija tena simwezi, wala sitajaribu."

Mererid akakubali kwa kichwa, machozi yanamtoka. Akakaa kufuta tangu alasiri ile hadi jioni ya siku ya pili. Saa ikaanza kugonga. Mot akabweka akajishangaa. Birika likapiga filimbi hadi nikalitukana. Neno la mwisho lilipofutika, Mererid akasema, "Anti," kwa sauti nyembamba, akaangukia shingoni mwangu. Ithel akaikunja ile karatasi akairudisha juu ya jiwe.

Ingekuwa mwisho, kama watu wangekuwa na adabu.

Baada ya wiki sita, yule bibi wa kampuni ya vitabu, London, akapiga simu. Nilikuwa napangusa dirisha, nilisikia yote. Kitabu kizuri sana, alisema, lakini huyu mwanamke mbona bubu? Amsemeshe mwishoni tu. Mume anakufa, mke anainama, maneno mawili. Msomaji atalia.

"Usithubutu," nikamwambia Mererid.

"Maneno mawili, Anti."

"Hata nusu."

"Sitayaandika," akasema. Alinitazama usoni akasema hivyo.

Ijumaa nilisikia sauti nikiwa bado langoni. Haikuwa ya Mererid. Ilikuwa nzito, yenye kutu, kama komeo lisilofunguliwa vizazi na vizazi. Mererid alikuwa mezani, na kwenye kioo cha kompyuta, chini kabisa, mlikuwa na maneno mawili: *Nilikupenda, Serlo.* Kinywa chake kilikuwa kinasema. Macho yalikuwa yake, yananililia, mkono wake ukanidaka aproni, lakini kinywa hakikuwa chake tena, kilikuwa kinasema na kusema bila kuvuta pumzi, midomo imepasuka damu kwenye pembe, kinamtaja Cadell aliyekuwa wa kwanza kugonga mlango kwa ndani, na Idwal aliyemwinua mdogo wao juu ya mabega ili apate hewa, na mdogo mwenyewe, Madog, wa miaka saba, aliyekuwa anamwita yeye, si mama, yeye, Generys, fungua, na komeo lilivyokuwa la moto, na ilichukua muda gani, na ni yupi aliyenyamaza mwisho.

Mererid akanionyesha simu kwa kidole. Ithel, alikuwa anamaanisha. Nikainyanyua. Nikaiweka.

Nilisimama mpaka majina yale matatu yalipokwisha, kwa heshima, maana sijui ni lini mara ya mwisho yalitajwa mbele ya mtu. Kisha sauti ikafika kanisani, na ndoa, na usiku wa ndoa, na hayo hayakuwa ya masikio yangu. Yalikuwa ya aliyeyaomba.

Nikaubandua mkono wake kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Nikamwekea jagi la maji.

"Ulitaka aseme," nikamwambia. "Haya. Kaa umsikilize."

Nikamwita Mot, nikachukua koti langu, nikatoka, nikaufunga mlango.