Herufi ya Mwisho

Mwalimu Wanyonyi alirudi nyumbani Kaloleni adhuhuri, akakuta hesabu yake ya ubaoni imesonga mbele hatua moja. Alikuwa ameacha safu ya herufi na kanuni za kuzibadilisha, kama alivyofundishwa chuo kikuu. Mtu alikuwa ameifuata kanuni bila kukosea, na chaki ilinuka tope la ziwa.

Mwenye akili angehama. Yeye alifurahi kupata mwanafunzi, akamwachia mazoezi wiki nzima. Mkewe Nabwire alipolalamika, akaandika kwa kejeli WNLT: yeye, Nabwire, mwana wao Laban na kitindamimba Truphena. Chini akaweka kanuni: herufi ya mwisho ifutwe.

"Baba Laban, toa hiyo kitu."

"Ni herufi tu, mama."

Kesho yake T haikuwepo. Kitanda cha Truphena kilikuwa kimelowa chapachapa, na mtoto hakuonekana tena.

Wanyonyi alisugua ubao kwa maji, kisha kwa kucha mpaka zikatoka damu, lakini WNL ilibaki palepale. Akamwita Mzee Mbarak, mganga wa majini, ambaye alikataa kuvuka kizingiti.

"Hii jini haivunji sheria, Mwalimu," alinong'ona. "Na ikianza kazi lazima imalize. Wewe ongeza sheria ingine, kazi isiishe."

Wanyonyi akaandika: L iwe LL. Moja ikifutwa, nyingine itaongezwa, milele. Alijiona mjanja, maskini.

Chaki ikakwaruza bila mkono. Laban akatoka chumbani, na nyuma yake akatoka Laban mwingine, shati lilelile lililochanika begani, kovu lilelile kwenye goti, wote wawili wakisema kwa sauti moja, "Mama, huyu si mimi," na Nabwire, aliyejua kwamba mmoja atafutwa sasa hivi, akamkumbatia aliyekuwa karibu, akambana kifuani kwa nguvu zake zote, huku yule mwingine akimnyoshea mikono na kumwita, mpaka chaki ilipokwaruza tena na pale aliposimama pakabaki maji sakafuni.

"Nimekushika, baba," Nabwire alisema. "Nimekushika."

Akainamisha uso kwenye nywele za mtoto. Zilinuka tope la ziwa.

Ubaoni, chaki ilikuwa inaandika L nyingine.