Jiwe la Radi la Kahonzi

Kahonzi wa Adu alikuwa mkulima asiyejua kukaa bure. Alfajiri yuko shambani, jembe mkononi, mtoto mchanga mgongoni. Mwaka 1984 mvua ilikuwa haba, na watoto wake walilala njaa mara nyingi. Masika ya 1985 yalipoingia, aliapa kupanda mahindi yake yote mapema. Mumewe, Nzai, alifanya kazi hotelini Bofa. Kwa hiyo shamba lilikuwa juu yake na mama mkwe wake, ambaye watu wote walimwita Mama Nzai.

Siku moja jembe liligonga kitu. Kahonzi akainama, akaokota jiwe la kijani kilichokoza. Lilikuwa laini. Upande mmoja ulikuwa mnene, upande wa pili mwembamba wenye makali. Hakuwa amepata kuona jiwe kama hilo, akalipeleka nyumbani.

Mama Nzai alilitazama, akasema ni jiwe la radi. Huanguka na radi na kuzama ardhini. Anayelibeba hapigwi, kwa kuwa radi haimpigi mwenye jiwe lake. Ndivyo alivyoambiwa na wazee wake.

Kahonzi akalifunga kwenye pindo la leso. Tangu hapo ujasiri ukampanda. Ngurumo zikianza, jirani yao Katana na wengine hukimbia. Yeye hubaki peke yake katikati ya shamba, mtoto mgongoni, akilima. Kweli aliwatangulia wote kwa kupanda. Ujinga nao una siku zake za faida, na siku hizo ndizo za hatari.

Kisha alifika Saad, mtu wa Mambrui. Alikuwa mfanyakazi wa makumbusho, akizunguka vijijini kuulizia vitu vya kale. Alimwamkia Mama Nzai shikamoo, akapewa kiti na maji. Aliposikia kazi ya mgeni, Kahonzi alifungua pindo la leso akamwonyesha jiwe.

Saad alisema hilo ni shoka. Lilitengenezwa na watu wa zamani sana, kabla hawajajua chuma. Walilifunga kwenye mpini wa mti, wakakatia miti. Maneno hayo hayakumpendeza Mama Nzai.

"Mwanangu," akasema, "nimewaona waliobeba mawe haya. Hakuna aliyepigwa na radi."

"Na wasiobeba, mama? Wangapi umewaona wakipigwa?"

Mama Nzai akafikiri. Katika maisha yake yote alimkumbuka mmoja tu.

"Basi wengi hawapigwi, wawe na jiwe au wasiwe nalo," Saad akasema. "Radi humpata aliye mahali pabaya."

Mama Nzai hakukubali, na Saad hakubishana naye. Alimwomba tu apapase yale makali. Mama Nzai alikuwa amesaga mahindi juu ya jiwe tangu usichana wake. Akapitisha kidole mara mbili. Kisha akainuka, akapapasa jiwe lake la kusagia.

"Hili limesagwa," akasema polepole. "Mtu alikaa chini akalisaga."

"Kwa mchanga na maji, kwa siku nyingi," Saad akajibu.

Kahonzi aliingiwa na hofu. Alikumbuka ngurumo zote zilizomkuta shambani, na mtoto aliyekuwa mgongoni. Akauliza afanye nini. Saad akamweleza: akisikia ngurumo, aache kazi mara moja. Asikae shambani wala chini ya mti. Aende shuleni, kwenye jengo la mawe, asubiri mpaka ngurumo ziishe kabisa.

Kisha akaomba kuonyeshwa jiwe lilipotoka. Akasema siku nyingine wakiona kitu cha kale wasikiondoe wala kukikwaruza. Waweke alama, wampe habari chifu au watu wa makumbusho, maana mahali kilipolala napo pana la kufundisha. Walikubaliana, Kahonzi akampa lile shoka alipeleke makumbusho, akaondoka nalo.

Haukupita muda, wingu jeusi likatanda. Kahonzi alikuwa amebakiza kipande kidogo tu. Mbegu zilikuwa mkononi, na njaa ya mwaka jana ilikuwa bado moyoni. Ngurumo ikasikika mbali. Akasita. Kisha akaliacha jembe, akakimbilia shuleni. Mama Nzai na watoto wengine walikuwa wamekwisha fika.

Radi ilipiga kwa kishindo. Mvua ilipoisha walirudi shambani. Mnazi uliokuwa kando ya kipande kile ulikuwa umepasuka, na jembe la Kahonzi lilikuwa limelala karibu na shina lake. Kahonzi akaketi matopeni akalia. Mama Nzai akamsogelea. Alimfungua mtoto mgongoni kwa mama yake, akambeba mwenyewe.

Jioni alikuja Katana, ambaye hakuwa na habari ya Saad. Aliomba kuazima jiwe ili naye amalize shamba lake.

"Jiwe halipo," Mama Nzai akamwambia, "na lingekuwepo nisingekupa. Lile ni shoka la mtu, halizuii radi. Ikinguruma, acha jembe uje shuleni. Utanikuta mlangoni nikikuita."