Kona ya Marehemu Kaka

Kila alipotoka shule, Chiriku alinawa mikono, akaingia chumba cha marehemu kaka yake. Nyumbani walimwita Chiriku kwa kupenda kuongea, lakini humo hata yeye alinong'ona. Mezani palikuwa na treni ya kuchezea ambayo kaka aliugua kabla ya kuimaliza. Ilibaki kona moja tu ya reli.

Mama alikataza kusogeza chochote alichogandisha kaka kwa gundi, hasa stesheni ndogo ya mbao. Basi Chiriku akaikunja reli kwa nguvu, ikajibana kati ya stesheni na ukuta. Reli yenyewe ilikuwa laini, haikukataa.

Treni ikaondoka vizuri, ikafika konani, puu! Ikaanguka. Akajaribu tena. Puu! Palepale. Akamgeukia mjomba wake, aliyekuwa ameketi kando.

"Mjomba, kaka hataki tumalizie," alisema.

"Acha hizo!" Mjomba alijibu. "Kaka yako hakumwekea kinyongo hata paka aliyemwibia nyama, aje akuonee wewe?" Hata hivyo, naye aligeuka kutazama kitanda kitupu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Nikisikia kishindo hicho, naona kama yumo humu, anahangaika," alisema. "Siwezi tena. Ikianguka mara nyingine, meza hii naivunja."

Chiriku akaanza kulia. Kwake, kuvunja meza ile ilikuwa sawa na kumzika kaka mara ya pili.

Mjomba akalisukuma behewa konani polepole kwa kidole. "Hebu oneni. Behewa ni refu, kona ni kali mno. Gurudumu linapanda juu ya reli. Hapa hakuna mzimu, kona itanuliwe tu."

"Itapita wapi?" Chiriku aliuliza.

Wote wakaitazama stesheni.

Mama akasogea. Akaishika stesheni kwa mikono miwili, akaing'oa. "Nisamehe, mwanangu," alinong'ona, machozi yakimdondoka.

Chiriku akatandika reli upya, safari hii kona ikawa pana, bila kuilazimisha. Treni ikaja, ikapinda taratibu, ikapita. Ikazunguka tena na tena. Mama akacheka huku analia.

"Kumbe ni mimi niliyeiziba njia," alisema, akamkumbatia binti yake. "Jambo likikushinda, mwanangu, tafuta kosa ulilofanya, hata kama linauma. Usimsingizie marehemu. Hana mdomo wa kujitetea."