Kimiminio cha Nakijwa

Jiji zima la Mkomazi sasa lilitegemea Kimiminio. Kilikuwa maktaba ya programu: unakipa taarifa mara moja tu, nacho kinaitoa kwa umbo lolote linalotakiwa. Jina lako lilelile likawa jedwali kwa karani, sauti kwa kipofu, ufunguo kwa mlango wa nyumba yako.

Aliyekisanifu ni Nakijwa, mgongo ukapinda kwa kukaa. Aliyepanda jukwaani kuvishwa nishani ni Kiondo Msangi, aliyekuwa mumewe, ambaye mchango wake ulikuwa kuchungulia mlangoni na kuuliza wamefika wapi. Akawashukuru wote, hata wapishi. Jina la Nakijwa hakulitaja. Ebo! Hilo nalo la kumezwa?

Hakulimeza. Aliingia kwenye kiini cha maktaba, pale ambapo kila umbo lazima lipite, akaongeza mstari mmoja: taarifa yoyote yenye maneno Kiondo Msangi itoke tupu. Kisha akajimiminia uji, akakaa kungoja.

Raha iliyoje! Mlango wa Kiondo ukamkana. Gari lake likagoma. Roboti wa mgahawani akamwondolea sahani mbele yake, maana yeye aliona kiti kitupu. Nakijwa alifuatilia yote kwenye kioo cha kompyuta yake, akicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Mchana Kiondo akapiga kwa simu ya muuguzi. Binti yao Mkunde alikuwa ameanguka kazini, mshipa wa kichwani umepasuka.

"Mama Mkunde, roboti mpasuaji hataki kumgusa. Anasema kitandani hakuna mtu."

Nakijwa akajua papo hapo. Huku kwao mtoto hubeba majina ya baba yake maisha yote: Mkunde Kiondo Msangi. Tangu talaka yeye alimwita Mkunde tu, basi, na yaliyobaki akayatoa akilini. Naye alikuwa ameiagiza mashine iyatafute maneno yale popote yalipo.

Dawa ilikuwa kuufuta ule mstari. Lakini kuufuta ni kumrudishia Kiondo kila kitu, na moyo wake ukakataa. Akaanza, Mungu amsamehe, kuuandika upya ili binti aonekane na baba abaki amefutwa. Akakosea. Akarudia. Akakosea tena.

"Nishani chukua," Kiondo, aliyesikia vitufe simuni akaelewa, alimwambia, sauti imekwisha. "Mimi nifute kabisa ukitaka. Mtoto tu, Mama Mkunde."

Ndipo akaufuta.

Mkunde alipona, ila upande wa kulia ukabaki umelala. Siku alipoweza kuzungumza vizuri, mama yake alikuwa kando ya kitanda akimkanda vidole vya mkono wa kulia.

"Baba anasema ulilijua tatizo palepale," Mkunde alisema. "Sasa mama, muda wote ule ulikuwa unafanya nini?"

Nakijwa angeweza kudanganya. Hakudanganya.

"Nilikuwa natafuta namna ya kumwacha baba yako nje."

Mkunde akataka kuuvuta mkono wake. Mkono haukusogea.