Ngozi Kutoka Siongiroi

Chepkemoi alikuwa akichuma majani ya chai shambani kwake Kimulot. Binamu yake Chepkurui akafika na gunia begani. Hakusalimu hata. Alilifungua gunia, akatoa ngozi ya ng'ombe.

Woi! Chepkemoi aliitambua mara moja. Ni ya Chelel, ng'ombe wake wa gredi, mwenye damu ya kizungu! Mwaka uliopita alimpa Chepkurui amfuge kule Siongiroi. Ndiyo desturi ya Wakipsigis: unamkamua, lakini mwenyewe ni yule aliyekupa. Ng'ombe akifa, unampelekea mwenyewe ngozi iwe ushahidi.

"Umemuua kwa uvivu!" Chepkemoi alifoka.

"Dada, kuja uone mwenyewe. Ndama wake naye ameanza kushikwa na kupe."

Kesho yake wakaenda. Chepkurui alimpeleka moja kwa moja kwenye dipu, mahali pa kuogeshea ng'ombe. Lo! Dipu ilikuwa kavu kabisa. Kuku walikuwa wakichakura ndani. Chepkemoi alichungulia, asiamini. Dipu ya Kimulot ilijaa dawa ya kupe kila Jumanne!

"Jameni, hii ni Kenya ile ile?" aliuliza.

"Ni ile ile, mama," alijibu mzee Alfayo, aliyeketi kando ya dipu. Yeye ndiye aliyekuwa akitunza dipu hiyo, mpaka alipoachishwa kazi. "Zamani serikali ilileta dawa kwenu na kwetu. Siku hizi wanasema soko ni huria, kila mtu ajitegemee. Nyinyi mkapata bonasi ya chai, mkachanga. Sisi mvua yetu ni ya kubahatisha. Tungechanga nini?"

Chepkemoi aliona aibu. Alimshika binamu yake mkono.

"Dawa ya kupulizia nilinunua," Chepkurui alisema polepole. "Nikaongeza maji mengi, isiishe haraka."

Alfayo alishika kichwa. "Aa! Hapo ndipo ulipokosea. Dawa hafifu haiui kupe, inawazoesha tu. Na ng'ombe wa gredi hastahimili homa ya kupe. Pima vile karatasi ya chupa inasema. Mpulizie kila wiki, hata masikioni na chini ya mkia. Wewe vaa glavu. Ukiona tezi zimevimba na mwili una joto, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo."

Wakamkamata ndama. Sikio lilijaa kupe! Chepkemoi alishtuka tena. Alfayo akapapasa shingo. "Tezi bado hazijavimba. Tumewahi."

Siku hiyo wakampulizia dawa iliyopimwa sawasawa. Jumapili, baada ya kanisa, wanakijiji wakakutana. Kila boma lilitoa kuku mmoja, wakauzwa sokoni. Punda walibeba maji ya mto siku tatu, mpaka dipu ikajaa. Chepkemoi naye aliwasihi watu wa dipu ya Kimulot wanunue dawa pamoja na Siongiroi, kwa mtungi mkubwa, maana bei yake ni nafuu. Wengine walinung'unika, lakini wakakubali. Alfayo akarudi kazini kwake.

Miaka mitatu ikapita. Siku moja Chepkemoi alikuwa shambani, akamwona Chepkurui anapanda mlima, gunia begani. Kikapu cha chai kikamwanguka.

"Nani amekufa?" alipaza sauti.

Chepkurui alicheka. Alifungua gunia, akatoa kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. "Ni maziwa ya yule ndama wa Chelel. Amezaa."

Chepkemoi alikaa chini kati ya michai, akanywa huku machozi yakimtoka.